Pua za Kwembogo

Mlinzi wa mlango, hana jicho, hana rungu, halali. Zamani ukiwategea watoto kitendawili hicho wangehangaika nacho, huyu aseme mbwa, yule aseme kufuli. Watoto wa Kwembogo hawakukuachia hata umalize. "Pua!" walipiga kelele, wakakimbia wakicheka, maana kila mlango wa mji ule ulikuwa na yake juu ya fremu: kidude cheusi kama ngumi ya mtu mzima, matundu mawili, na taa ya kijani katikati.

Na Pua zote za mtaa wa relini zilifundishwa na Mwanamvua.

Ilikuwa kazi ya kukaa na watu. Pua ikitoka kiwandani inajua harufu moja tu, ya unga wa kulevya. Nyingine zote inazishuku. Basi Mwanamvua alikaa nyumbani kwa watu kutwa nzima, akawaambia wapike, wafukize udi, wamvue mtoto nepi, wafungue debe la dagaa. Kila harufu mpya Pua iliuliza, naye akajibu. Alijua nani anakunywa kwa kificho na nani jiko lake halijawaka tangu juzi. Jioni akarudi kwake, ambako Pua haikuwa na swali la kumwuliza miaka na miaka.

Asubuhi hiyo alikuwa juu ya kistuli kwa Mzee Shekibuli, na mke wa mzee, Bi Mwajabu, akikaanga vitunguu.

"Harufu mpya," Pua ikasema, kwa ile sauti yake ya kike isiyo na kwao.

"Ya nyumbani," Mwanamvua akajibu. "Vitunguu."

Taa ikapepesa, ikatulia.

"Na mimi unitambulishe," mzee akasema kitandani. Alikuwa amebaki mifupa, tumbo lake limeota uvimbe ambao madaktari walikwisha kuuachia njia. "Mwambie bibi huyo mimi ni muungwana, ila nanuka kidogo."

"Zamu yako inakuja. Tulia kwanza nikunuse."

"Mwanamke hajaninusa tangu..."

"Baba Rukia!" Bi Mwajabu akaita toka jikoni. "Mgonjwa gani ana mdomo hivyo?"

Mwanamvua akacheka. Akachukua kitambaa, akampangusa mzee paji la uso, akakiinua mpaka kwenye matundu. Taa ikawa ya njano, kisha nyekundu kabisa.

"Inafanana na unga," Pua ikasema. "Fundi thibitisha. Mhalifu au mgonjwa?"

"Mgonjwa. Mgonjwa wa nyumbani."

Ilichukua muda, kama mtu anayeng'ang'ania neno lake, kisha ikarudi kijani.

"Mbona imesitasita?" mzee akauliza.

"Ni yale matone yako ya maumivu, ya hospitali. Yanatokana na ua lile lile linalotoa unga. Unga wa mtaani una ukali fulani kama siki, kwa jinsi wanavyoupika. Hayo yako hayana siki. Ndiyo tofauti anayoijua huyu, basi. Ijumaa adhuhuri Pua zote za mtaa zitapeana habari zako, utaingia nyumba yoyote utakayo bila kupigiwa kelele."

Mzee Shekibuli akatazama dari. "Kwa hiyo mimi na Hoza wako," akasema baadaye, "tumetofautiana siki."

Jikoni vitunguu vikawa vinaungua na hakuna aliyevigeuza. Mwanamvua alishuka kistuli, akafunga mkoba wake, akaaga.

*

Hoza alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa akipanda minara ya umeme wa upepo kule mlimani, siku moja kamba ikakatika, mgongo ukaumia. Hospitali ilimpa matone kama ya Mzee Shekibuli, yakamfaa. Kisha karatasi ya daktari ikaisha na maumivu yakawa bado yapo. Rafiki akamletea kete moja ya unga, kwa huruma kabisa.

Sheria ya Hewa Safi ilipopita na Pua zikawekwa milangoni, Hoza alikuwa wa kwanza mtaani kuzimwa. Kwembogo mkono wa mtu ndio uliokuwa ufunguo wake, pochi yake na tikiti yake. Unaweka kiganja, mlango unafunguka, duka linauza, treni inakupakia. Mtu akizimwa, kiganja chake kinakuwa kama kipande cha ubao. Na atakayemlaza mtu aliyezimwa naye huzimwa. Siku ile majirani walikuja kwa Mwanamvua na mikeka, wakachemsha chai, wakakaa naye, maana hawakujua la kufanya jingine. Wakamkalia matanga mtu aliyekuwa amesimama ng'ambo ya reli akiwaangalia.

Huko ng'ambo, kwenye kiwanda cha zamani cha mkonge, ndiko waliozimwa walikoishi. Paa lilikwisha kung'olewa.

Mwanamvua alipika wali. Kama kila siku alipima wa watu wawili, akala wa mmoja. Uliobaki akaufunga kikapuni na kuupeleka kwenye jiwe jeupe upande wa pili wa barabara. Pua ya mlango wake ilinusa mpaka hapo kwenye jiwe. Zaidi ya hapo upepo ulichanganya harufu zote ikapotea. Akarudi barazani akaketi.

Hoza alikuja jua likiwa bado kali. Akasimama upande wake wa jiwe. Kati yao palikuwa na barabara nzima, kwa hiyo kila walilosema walilisema kwa kelele, na mtaa mzima ulisikia. Ndiyo maana walikuwa wamerudi kwenye mchezo wa utotoni. Mambo yao hayakusemeka kwa kelele, vitendawili vilisemeka.

"Kitendawili!" Hoza akaita.

"Tega!"

"Nimewapikia, wote wamekula, mimi nimetolewa nje."

"Moshi!"

"Umepata." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Alishika magoti. Mwanamvua alijikuta amesimama, kidole cha mguu kimegusa ngazi ya mwisho ya baraza.

"Kingine," Hoza akasema alipopata pumzi. "Nimekaliwa matanga, nami nikapita njiani nikainusa chai yangu."

Mwanamvua akarudi kuketi.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Nakupa Tanga."

"Nimekwenda Tanga," Hoza akasema, kama alivyosema akiwa mdogo miguu haijafika chini kitini, "nimekula samaki wa kupaka, nimelala kitanda cha chuma, wewe nimekuletea maganda ya machungwa." Kisha sauti ikabadilika. "Mama, Kiango amefariki."

Kiango alikuwa rafiki yake, yule yule wa kete ya huruma.

"Lini, baba?"

"Jana mchana. Alizidiwa, midomo ikawa kama wino. Wenzetu walikimbia. Wala siwalaumu, ukikutwa na aliyezidiwa unapelekwa jela. Nilimbeba mimi mpaka zahanati. Mlango ukatunusa, ukajifunga. Nesi alikuwa hapo hapo nyuma ya kioo, na ile dawa ya pumzi, ya kupuliza puani, ameishika mkononi. Nilimwona ameishika, mama. Akifungua na yeye anazimwa, na ana watoto. Mimi nagonga kioo, yeye analia. Tumekaa hivyo mpaka Kiango akanyamaza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo jirani aliingia ndani akavuta pazia.

"Ile dawa ya kunywa," Hoza akasema, si kwa kelele tena, hata ikabidi mama ategee sikio. "Unaikumbuka? Ya kuzuia kiu ya unga, kila asubuhi pale zahanati. Nilikunywa mwaka mzima nikawa napanda minara kama mtu yeyote. Wakaisitisha zilipokuja Pua. Mji ukiwa safi dawa ya nini."

"Umekonda, Hoza."

"Nitakula."

Aliokota kikapu, akaacha shati lake kwenye jiwe lifuliwe, kama desturi yao. Kule Usambara mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Mwanamvua aliyatazama, akatazama mgongo wa mwanawe ukivuka reli. Kifua kile na kiwanda kisicho na paa havingekaa pamoja mvua ikianza. Hilo hakuhitaji daktari kumwambia.

*

Mtu pekee aliyekuwa bado akija kwa Mwanamvua bila kazi ya Pua alikuwa Bi Eliakunda, Mpare wa nyumba ya mwisho. Alikuja na ndizi, kama kila Alhamisi, akakaa bila kukaribishwa.

"Kwako kunanuka upweke," akasema. "Pua yako haijalalamika?"

"Imezoea."

Wakamenya ndizi. Binti wa Eliakunda, Nakijwa, alikufa kwa unga kabla ya Pua. Mama yake ndiye aliyetembea mbele ya akina mama wote kwenda kudai zile mashine, amevaa kanga nyeusi, na picha ya binti shingoni. Kila asubuhi hata sasa alipangusa Pua yake kwa kitambaa safi.

Mwanamvua hakutaka kumvizia. Akamwambia moja kwa moja. "Mama Nakijwa, kesho kabla ya adhuhuri nitaifundisha Pua yangu harufu ya Hoza. Nitasema ni mgonjwa. Baada ya hapo mwanangu atalala humu."

Eliakunda akaweka ndizi chini. "Ya Hoza peke yake?"

"Hakuna ya Hoza peke yake. Pua hainusi mtu, inanusa jasho la unga. Nikiiambia ni ugonjwa, itakuwa ugonjwa kwa kila mtu. Na adhuhuri zitapeana habari."

"Na yangu?"

"Na yako."

"Unajua unachokisema?" Eliakunda alisimama. "Hivi unataka wote wale wa ng'ambo warudi humu? Na wauzaji je?"

"Wauzaji hawana jasho la unga. Wameufunga nailoni juu ya nailoni, wanapita na tai shingoni, na Pua inawaambia karibu. Hebu niambie wewe, tangu zije umeona muuzaji gani kazimwa? Unga upo pale pale. Tulichopunguza mjini ni watoto wetu."

"Wangu alikufa chooni, Mwanamvua! Kajifungia kwa komeo, kwa aibu. Mimi nipo sebuleni nachambua mchele. Ningekuwa na Pua ningejua."

"Ungejua, halafu?"

Eliakunda akageukia mlango.

"Halafu, dada yangu? Mimi nimejulishwa. Taa iliwaka nyekundu, nikajua, na kabla sijavaa ndala walikwisha kumtoa. Wako alijificha asionekane, akafa. Wangu ameonekana, naye anakufa. Nakijwa angejua ukimwona utamlaza kitandani na kumwita nesi, angejifungia?"

Lilikuwa neno zito, na Mwanamvua alilijutia likiwa bado mdomoni. Uso wa rafiki yake ulikunjamana kama wa mtoto anayezuia kilio.

"Usimtaje mwanangu," Eliakunda akasema polepole. "Nikitoka hapa nikaenda ofisini, wanakuzima kabla hujaosha vyombo."

"Najua. Njia ni hiyo."

Aliondoka bila kuaga. Ndizi alizoacha zilikaa mezani, na Mwanamvua hakuweza kuzila wala kuzitupa. Nyumba ilikuwa kimya hata akawa anaisikia taa ya Pua ikivuma, sauti ndogo ya nyuki mmoja.

*

Asubuhi alivaa gauni lake zuri, asije akachukuliwa akiwa na nguo za kazini. Hakuna aliyekuja. Akafagia ua, akafagia tena pale pale. Bado hakuna aliyekuja.

Jua lilipokaribia kichwani alipanda kistuli chini ya mlango wake na shati la Hoza mkononi. Alikuwa hajalifua. Lilinuka moshi, mkonge mbichi, jasho, na ile siki. Chini kabisa ya vyote, pale kwenye kola, lilinuka kichwa cha mwanawe, vile vile kama kilivyonuka alipokuwa akimbeba mgongoni.

Akaliinua. Taa ikawaka nyekundu papo hapo.

"Harufu ya unga. Fundi thibitisha. Mhalifu au mgonjwa?"

Siku ya Hoza swali hili aliulizwa fundi mwingine, kijana wa ofisini aliyekuwa na haraka. Mwanamvua aliwafikiria watu wa mtaa. Huenda yupo atakayerudi na kuiba redio ya mama yake. Huenda yupo atakayezidiwa kwenye kochi la watu badala ya kwenye majani. Hakuwa na namna ya kuhakikisha lolote. Alichokuwa nacho ni swali moja, na jibu la kweli alilijua.

"Mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa wa nyumba ipi?"

"Hii. Mgonjwa wa nyumbani."

Pua ilikaa. Nyekundu, njano, nyekundu. Kisha kijani.

"Imepokelewa. Sauti ya fundi imehifadhiwa."

"Hifadhi," Mwanamvua akasema, akashuka.

Adhuhuri ilipofika alisimama barazani. Habari zilianzia kwake, taa yake ikapepesa, ikafuata ya jirani, ikafuata ya upande wa pili, mlango kwa mlango, kijani kikikonyeza mtaa mzima kuelekea nyumba ya mwisho. Kule mwisho Bi Eliakunda alikuwa amesimama juu ya kiti, chini ya Pua yake, kanga ameikunja mikononi kama anayetaka kuziba matundu yale. Mkonyezo ukafika mlango wa jirani yake. Eliakunda akainua kanga. Akakaa hivyo, mikono juu. Kisha akaishusha taratibu, akajifuta nayo macho, na taa ikapepesa juu ya kichwa chake.

*

Hoza hakuamini. Ilibidi mama yake avuke barabara, amshike kiganja kile kisichofungua kitu, amvute mbele ya jiwe kama mbuzi anayegoma. Walipita chini ya mlango. Pua ikanusa. Ikanyamaza.

"Imekufa?" Hoza akanong'ona.

"Imekutambua. Ingia, mguu wa kulia."

Wengine walikuja nyuma yake siku zilizofuata, mmoja mmoja, wakipita katikati ya barabara wakiogopa kuta. Milango mingine ilifunguka. Mingine watu waliikomea wenyewe kwa ndani, bila Pua kuwaambia kitu, na mzee mmoja wa ng'ambo alisimama mbele ya mlango wa nduguze tangu asubuhi hadi jua likazama, kisha akarudi zake kiwandani. Yule nesi wa zahanati alizunguka mtaani mchana kweupe na dawa ya pumzi mkobani, akiwafundisha akina mama namna ya kuipuliza. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Eliakunda. Kwa Mwanamvua hakufika, lakini Alhamisi palikutwa ndizi mlangoni.

Ofisini walikasirika. Kulifuta neno lile upesi walishindwa, maana ukiifutia Pua mgonjwa inamfuta na Mzee Shekibuli, na Bi Mwajabu alikwisha kuwaambia maafisa atakayegusa Pua yake atatoka na mafuta ya moto. Lakini sauti ilikuwa imehifadhiwa, na sauti ilikuwa ya mtu mmoja.

Mwanamvua alijua dukani. Alikwenda kununua mchele, mvua ikinyunya, akaweka kiganja juu ya kioo. Kioo hakikuwaka. Akakifuta kiganja kwenye gauni, akaweka tena. Mwenye duka, ambaye Mwanamvua alimfundishia Pua mara mbili na kula naye, akawa anapanga sabuni kwenye rafu zilizokwisha kupangwa.

"Kumbe leo," Mwanamvua akasema.

"Nisamehe, shangazi," mwenye duka akasema bila kugeuka.

Alirudi na mvua mgongoni. Watu walimpisha njia pana, pana kuliko iliyohitajika. Kwake akaweka mkono mlangoni kwa mazoea, mlango ukakaa vile vile. Alikuwa akiufungua mlango ule tangu ni bibi harusi. Sasa alisimama mbele yake kama mchuuzi, maji yakimtiririka shingoni, akasikia ndani kikohozi cha Hoza, na akajua kwa mwili mzima mwanawe alikuwa akisimama wapi miaka yote ile. Hakugonga. Aliogopa kugonga. Akilini alimwona yule nesi nyuma ya kioo.

Akavuta pumzi.

"Kitendawili!" akaita.

Kikohozi kikakatika. "Tega!"

"Nyumba yangu, naijua kila harufu yake, siwezi kuingia."

Nyayo zikaja polepole, za mtu anayejishikilia ukutani. Kwa ndani mlango ulikuwa na komeo tu, halikujua kiganja cha nani. Likalia, mlango ukafunguka, na Hoza akasimama hapo na blanketi mabegani. Juu yao Pua iliwanusa wote wawili, kijani.

"Nimeshindwa," Hoza akasema. Alimwona mikono mitupu, akaelewa. "Mama, nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe Kwembogo."

"Kwembogo wamekuzima."

"Nipe hiyo hiyo."

Akampa. Akamvua kanga iliyolowa, akamfunga blanketi lake mwenyewe, akakomea mlango. Jikoni sufuria ilikuwa motoni, Hoza aliibandika mwenyewe kwa mchele uliobaki chini ya debe.

"Haya," Hoza akasema, akimvutia kigoda. "Umekwenda Kwembogo. Umekula nini?"

Mwanamvua akafunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akatazama ndani kwa muda.

"Wali," akasema. "Wa watu wawili."